Mama alikatishwa swala nyuma ya ndege. Safari hii tufanyeje?

Swali

Shikamoo dada. Niko Tanga. Mwaka juzi nilisafiri na mama yangu kwenda Ulaya. Ndani ya ndege nilimtandikia mswala kule nyuma, karibu na jiko la wahudumu. Yuko rakaa ya pili, mhudumu akaja akamgusa bega, akamwambia arudi kitini. Mama alilia, na mpaka leo hajasahau. Mwezi wa saba tunasafiri tena, safari hii kwa mdogo wangu aliyejifungua, anakaa Baltimore. Tutalala Dar usiku mmoja, kisha tunaondoka saa 11 jioni na kufika Doha saa 5 kasoro robo usiku. Saa 2 asubuhi tunapanda ya Washington, saa 14 hewani, tunatua saa 9 alasiri ya kwao. Kurudi tunaondoka Washington saa 3 na nusu usiku, tunafika Doha kesho yake saa 11 jioni, na saa 2 usiku tunapanda ya Dar. Mama ana miaka 71 na magoti yanamsumbua; nyumbani anaswalia kwenye kiti. Shehe mmoja ameniambia tuswali tumekaa, mwingine anasema swala hiyo haisihi. Je, kuswali ndani ya ndege ni haki yetu au ni hisani ya mhudumu? Na tufanyeje?

Jibu

Marahaba mdogo wangu, na mama nifikishie shikamoo yangu.

Nianze na lile lililomliza. Yule mhudumu sababu alikuwa nayo, adabu ndiyo iliyomkosa. Mtu aliye ndani ya swala haguswi. Rakaa mbili za msafiri hazifiki dakika tano. Unasubiri atoe salamu, na kama jambo ni la haraka unamwambia aliyefuatana naye, na wewe ulikuwepo hapo hapo. Mimi nimehudumu ndani ya ndege miaka 17 kabla ya kuanza kufundisha wahudumu wapya, na ninaswali, kwa hiyo lile pazia la jikoni nalijua kwa pande zote mbili.

Abiria anayetoka kwenye kiti chembamba akifika kule nyuma huona uwanja. Sisi tunaona jiko, ghala na njia ya kutokea, vyote vimebanwa mahali pamoja. Toroli iliyojaa chakula inakaribia kilo 100 na breki yake ni ya kukanyaga kwa mguu. Juu ya kichwa cha anayesujudu kuna birika la maji yanayochemka. Na ile sakafu uliyotandika mswala, nakuhakikishia bila kuiona, ilikuwa mbele ya mlango wa dharura, mahali ambapo mhudumu ndiye atakayeulizwa kikikutwa kitu chochote sakafuni.

Halafu kuna hewa yenyewe. Mei 2024 ndege ya Singapore Airlines iliyotoka London ilipigwa na msukosuko ikiwa juu ya Myanmar, ikalazimika kutua Bangkok. Abiria mmoja alifariki na makumi wakajeruhiwa; waliorushwa hadi darini ni wale ambao hawakuwa wamefunga mkanda. Na njia ya kwetu kwenda Ghuba inakata ikweta, mahali penye mawingu ya radi makubwa kuliko karibu popote duniani. Mama wa miaka 71 akiwa amesujudu pale, hana pa kushika. Muhudumu mzoefu akimwona hafikirii dini, anafikiria mfupa wa nyonga.

Sasa swali lako la haki. Hakuna sheria ya anga inayompa abiria haki ya kusimama kuswali, na hakuna inayomkataza kuswali. Kuna mambo mawili yanayokutana. La kwanza ni mamlaka ya rubani mkuu. Mkataba wa Tokyo wa mwaka 1963 umempa uwezo wa kuchukua hatua zinazofaa kulinda usalama na utulivu ndani ya ndege, na maagizo ya mhudumu yanatoka humo. Taa ya mkanda ikiwaka, mjadala umekwisha, awe anayeswali, anayenyonyesha au anayekwenda chooni. La pili ni kwamba shirika haliruhusiwi kumbagua abiria kwa dini yake, na kwa ndege zinazoingia na kutoka Marekani, Wizara ya Uchukuzi ya huko haifanyi mchezo. Mei 2022 Lufthansa iliwazuia Frankfurt abiria Wayahudi zaidi ya 100 wasiendelee na safari ya Budapest, kwa sababu baadhi yao walidaiwa kukaidi maagizo ya barakoa na kukusanyika kwenye njia za katikati. Waliokosa na wasiokosa wakafungiwa kapu moja, wengine hata hawakuwa wakijuana. Walifanana mavazi tu. Oktoba 2024 wizara hiyo ikaitoza Lufthansa faini ya dola milioni 4.

Hapo ndipo mpaka ulipo. Mhudumu akikwambia, "Mama, hapa hapafai, toroli zinapita," anatimiza kazi yake. Akikwambia, "Humu ndani hakuna kuswali," huku jirani yako amesimama saa nzima anapiga soga, hapo una malalamiko. Andika namba ya safari, kiti na saa, ukatoe malalamiko ukiwa chini. Hewani usibishane. Sijawahi kuona abiria akishinda ubishi wa futi 35,000.

Lakini swali ambalo ningependa ungeniuliza kwanza ni hili: ni swala ngapi hasa zitakazowakuta hewani? Watu huingia kwenye ndege na wasiwasi wa swala tano, kumbe hawajakaa na tiketi wakahesabu. Nimeihesabu yako kwa madhehebu ya Shafi, ambayo nadhani ndiyo yenu kama ilivyo pwani yetu nzima. Mimi si mufti; haya nimeyasoma chuoni na kuyauliza kwa masheikh kwa sababu ya kazi, nawe mpelekee shehe wako hesabu hii aipitie.

Mkitoka Tanga mkalala Dar usiku mmoja, mko safarini tayari, kwa hiyo kupunguza rakaa nne ziwe mbili na kukusanya swala mbili kwa wakati mmoja kunaruhusiwa. Siku ya kuondoka, adhuhuri na alasiri ziswalini pamoja, mbilimbili, kabla ya kwenda uwanjani au pale pale uwanjani. Ndege inapaa saa 11. Magharibi ya Dar mwezi wa saba inaingia kama saa 12 na dakika 20, nanyi mko angani. Hiyo msiihangaikie. Tieni nia, wakati wa magharibi ukiwa umeingia, kwamba mnaichelewesha mkaiswali pamoja na isha. Nia hiyo ni ya lazima, na inatiwa ukiwa umefunga mkanda wako. Doha mnafika saa 5 kasoro robo, mnaswali magharibi tatu na isha mbili, mnalala.

Mnalala, lakini kwa saa ya kuamsha! Hapa wengi wa kwetu wanaumia. Saa ya Doha ni sawa na ya Tanga, basi mtu anaona alfajiri nayo itakuwa ya Tanga. Sivyo. Doha iko mashariki zaidi yetu, na mwezi wa saba huko ni kiangazi, siku ndefu. Alfajiri inaingia kama saa 9 na nusu usiku na jua linachomoza mnamo saa 11, wakati Tanga bado kuna saa moja na nusu ya giza. Nimewaona watu wazima wameamka kwenye viti vya uwanja ule saa 12 asubuhi, wakatazama kioo, wakashika vichwa.

Saa 2 asubuhi mnapanda ya Washington. Saa 14 hewani, na ungesema adhuhuri na alasiri zitapotelea humo. Tazama jua linavyofanya. Ndege inakwenda magharibi, jua nalo linakwenda magharibi. Kwenye ikweta jua lingeiacha ndege mbali, maana dunia inazunguka kwa kama kilomita 1,670 kwa saa. Lakini ndege ya Marekani inapita juu sana kaskazini, ambako mzunguko ni mwembamba na kasi hiyo inapungua karibu nusu, basi ndege na jua vinakwenda karibu sambamba. Saa yako ya mkononi itasema zimepita 14, ila kwa jua mtaishi kama saa 5 na nusu tu. Mnatua saa 9 alasiri ya Washington, na kwa mwezi wa saba alasiri ya Kishafi huko inaingia kama saa 11 jioni. Maana yake mtatua adhuhuri ikiwa bado ndani ya wakati wake! Foleni ya uhamiaji ikiwa ndefu, tieni nia ya kuichelewesha mkiwa ndani ya foleni. Uwanja wa Dulles, ndio huo mtakaotua, uko Virginia, mwendo mrefu kabla ya Baltimore, kwa hiyo mkitoka nje na mabegi yenu bado ni wasafiri. Swalini kisha mpande gari.

Umeona? Kwenda kote, hakuna swala hata moja inayowalazimu kuswali ndani ya ndege.

Kurudi kuna mbio kidogo. Magharibi ya Washington mwezi wa saba ni kama saa 2 na nusu usiku, na ndege yenu ni saa 3 na nusu. Wakati huo huo abiria wanaanza kuitwa. Msikimbilie foleni. Jua likizama, swalini magharibi na isha pamoja pale karibu na lango, rakaa hizo tano zote hazimalizi dakika kumi, kisha mpande mkiwa wa mwisho. Viti vyenu vina namba, hakuna wa kuvinyakua. Adhuhuri na alasiri za kesho yake mtazichelewesha hadi Doha mtakapofika saa 11 jioni. Magharibi ya huko ni kama saa 12 na nusu, basi mkishuka ni moja kwa moja kwenye chumba cha kuswalia, maduka baadaye. Ikiingia magharibi mnaikusanya na isha hapo hapo, na ya Dar mnapanda mmemaliza kila kitu.

Ndege ya Washington ikichelewa kuondoka, hesabu ya Doha inavurugika. Hapo mtaziswali zile mbili vitini, kabla rubani hajawasha taa ya kushuka.

Bado alfajiri ya kurudi. Hiyo ndiyo moja isiyokwepeka: haikusanywi na swala yoyote, na itawakuta juu ya Atlantiki. Safari hii mnakwenda mashariki, jua linakuja kuwapokea, usiku unakatwa vipande. Mwezi wa saba macheo yanaweza kuwakuta kama saa 4 hivi baada ya kupaa, watu ndio kwanza wamelala, dirisha zimefungwa, taa zimezimwa. Msipokuwa macho, mtazinduka na kifungua kinywa na jua liko usoni.

Usitegemee programu ya simu kwa wakati huu. Nyingi zinahesabu macheo ya mtu aliyesimama ardhini. Mtu aliye juu kilomita 10 upeo wake umeshuka, anaona jua kabla ya mtu wa chini kuliona, na jioni linamchelewea kuzama. Ndiyo maana mwaka 2011 wanazuoni wa Dubai waliwaambia wakazi wa Burj Khalifa wanaokaa kuanzia ghorofa ya 80 wachelewe kufuturu dakika 2, na wa juu ya ghorofa ya 150 dakika 3. Hilo ni jengo tu. Ndege iko juu zaidi ya mara kumi ya jengo lile, na tofauti ni dakika kumi na kitu hata ikweta, kaskazini zaidi ya hapo. Kwa hiyo usingoje dakika za mwisho. Mwulize mhudumu mapema, "Jua litachomoza baada ya muda gani?" Ana simu ya kuzungumza na marubani, na marubani hawakereki na swali hilo, usiku wa Atlantiki ni mrefu kwao pia. Ukiinua kifuniko cha dirisha upande wa kushoto, utaona mbingu ya kaskazini haikuzimika kabisa usiku kucha. Usidhani ndiyo alfajiri imeingia mara tu unapopaa. Tazama mwanga unapoanza kutanda mbele, upande ndege inakokwenda.

Na hapa nina habari njema kwa mama. Sisi wa pwani tumezoea kibla ni kaskazini, mpaka katika Kiswahili cha wazee neno lenyewe "kibla" ndilo jina la kaskazini. Ni kweli kwa Tanga na Unguja, maana Makka iko karibu juu yetu moja kwa moja. Lakini ukiwa katikati ya Atlantiki ya kaskazini, Makka iko mashariki. Na ndege yenu inaelekea mashariki. Yaani mama akikaa kitini mwake, akafunga mkanda wake, akatazama mbele, ameshaelekea kibla, au ametofautiana nacho kidogo sana. Hana haja ya kugeuka. Mashirika mengi ya Ghuba huweka alama ya Kaaba kwenye ramani ya skrini; hakikisha hapo.

Kwa hiyo mama anaswali vile vile anavyoswali sebuleni kwake Tanga: amekaa, rukuu anainama kidogo, sijida anainama zaidi. Udhuru wa magoti aliupata kabla ya kukata tiketi. Wewe ndiye mwenye mtihani, kwa sababu masheikh wako wawili wanabishana juu yako. Kusimama ni nguzo ya swala ya faradhi kwa mwenye uwezo. Mtume alikuwa akiswali sunna juu ya mnyama wake popote anapoelekea, lakini faradhi alikuwa akishuka, akaelekea kibla. Anayesema swala yako haisihi ameshika hapo. Aliyesema kaa, ameshika ile hadithi ya Imran bin Huswain: swali umesimama, usipoweza kaa, usipoweza lala ubavu. Wanachotofautiana ni kama "usipoweza" inamhusu mtu mzima wa afya aliyezuiwa na kiti. Mashafi wengi wana njia ya kati: swali kwa kadiri unavyoweza ili kulinda heshima ya wakati, kisha ukitua iswali tena ikiwa timamu. Mimi ndivyo nilivyofanya miaka yote ya kazi, na moyo wangu ulitulia. Ni rakaa mbili. Kuzirudia Doha hakumpunguzii mtu kitu.

Na kusimama kwenyewe si lazima uende jikoni. Ukikaa kiti cha njiani, simama hapo hapo mbele ya kiti chako au hatua moja pembeni, uko kwenye kibla, usome Fatiha na sura fupi, uiname kwa rukuu, halafu ukae kitini kwa sijida. Saa hiyo hakuna toroli inayopita. Nafasi ya kutandika mswala mzima usiitafute, haipo. Njia ya katikati ina upana wa kama nusu mita. Ndege kubwa za Saudia ndizo zina sehemu maalumu ya kuswalia kule nyuma, imetengwa kwa kazi hiyo. Kwingine mnaomba nafasi tu.

Namna ya kuomba, sasa. Usisubiri wakati uingie. Ukipanda, baada ya kuweka begi juu, mtafute msimamizi wa wahudumu, yule mwenye sare tofauti kidogo, umwambie: "Mama yangu na mimi tutaswali alfajiri. Mama atakuwa kitini. Mimi nitasimama dakika tatu hapa hapa. Ni wakati gani hautawasumbua?" Maneno hayo yanabadilisha kila kitu. Umempa idadi ya dakika na mahali, na umemwachia yeye achague. Mara nyingi ndiye atakayekuja kukuamsha. Mimi nimewahi kumshikia pazia mzee mmoja wa Kisomali nyuma kabisa, toroli zote zimefungwa, nikisimama mlinzi asipite mtu, kwa sababu tu aliniuliza saa mbili kabla.

Jambo la kushtukiza ndilo linaloleta balaa. Novemba 2006 maimamu sita waliteremshwa kwenye ndege ya US Airways huko Minneapolis. Baadhi yao walikuwa wameswali pale langoni, na abiria wakaingiwa na hofu. Walishtaki, na kesi ikaishia kwa maelewano mwaka 2009. Januari 2010 kijana wa Kiyahudi wa miaka 17 alikuwa akitoka New York kwenda Louisville, akajifunga tefilini, vile visanduku vidogo vyeusi vyenye mikanda ya ngozi wanavyovaa kichwani na mkononi kwa sala ya asubuhi. Mhudumu hakuwahi kuviona. Ndege ikageuzwa Philadelphia, askari wakaja, wakakuta mtoto anasali. Tukiwafundisha wahudumu wapya ninawaonyesha picha za tefilini, za mswala, za rozari na za tasbihi, wavizoee wakiwa darasani. Na Wayahudi nao wana mjadala kama wenu: wanaume kumi wakikusanyika nyuma ya ndege kwa sala ya jamaa wanaziba njia, na marabi kadhaa wamewaambia wazi kwamba kitini inatosha. Sisi pia tuna ndugu zetu walokole ambao ndege ikitikisika husimama kukemea kwa sauti. Huyo naye anaombwa akae, akemee kimyakimya.

Udhu sasa, maana hapa ndipo choo cha ndege kinapogeuka bwawa. Tafadhali, mama asinyanyue mguu kwenye sinki. Ataanguka, na maji yanayomwagika sakafuni hayaishii hapo, chini yake kuna nyaya na mitambo. Muwe na khofu, zile soksi za ngozi. Dulles tawadheni udhu kamili pamoja na miguu, kisha mzivae. Msafiri anaruhusiwa kupaka maji juu yake siku tatu, usiku na mchana. Ndani ya ndege mtabakiwa na uso, mikono na kupaka kichwa, kazi ya kikombe kimoja cha maji na tishu za kukaushia sinki.

Pengine hamtahitaji hata hicho. Kwa Shafi, usingizi wa aliyekaa imara hauvunji udhu, basi udhu wa Dulles unaweza kufika alfajiri salama. Kinachovunja ni kiwiko cha jirani. Ngozi ya mwanamume ajnabi, yaani asiye ndugu wa damu, ikikugusa umeanza upya, na kwenye viti vile kugusana ni kama daladala. Mama akae dirishani, wewe katikati yake na njia. Mkipangiwa mstari wa viti vitatu, omba mapema jirani wa tatu awe mwanamke, na vaa mikono mirefu ya kubana kiganjani.

Moja la mwisho, ambalo watu wenye wazee hulisahau. Nadhani mama mmemwombea kiti cha magurudumu, na kama bado mwombee, viwanja hivyo ni vikubwa. Wasukuma viti wana haraka: wanampokea mtu mlangoni mwa ndege, wanampeleka moja kwa moja hadi lango la pili na kumwacha, na wakati wa kupanda abiria wa viti huingizwa wa kwanza. Kwa safari yenu hiyo inavuruga mahali pawili. Doha, mwambie msukumaji pale pale anapomshika mama, "Kwanza chumba cha kuswalia," vinginevyo utajikuta unafukuzana naye na begi mkononi. Na Dulles mwambie wa langoni kwamba mama ataingia wa mwisho, baada ya magharibi.